Herufi za Mwanzo na Maana katika Lugha za Tarime na Serengeti

Majina Abakuria, Abanyabasi na Abairege huanza kwa aba-, nayo sehemu hiyo ina maana: ni watu zaidi ya mmoja, kama wa- ya Wakurya katika Kiswahili. Hata hivyo, kufanana kwa herufi si umoja wa maana. Omo- ya Kikurya hutangulia nomino za mtu mmoja na za miti pia, sawa na m- ya mtu na mti. Wingi ndio unaozitenganisha.

Kinachotatiza zaidi ni kinyume chake. Wakurya wa Tarime huiita lugha yao Igikuria. Wangoreme wa Serengeti, Ikingoreme. Igi- na iki- ni kiambishi kimoja. Kwa Kanuni ya Dahl, k huwa g silabi ifuatayo inapoanza kwa konsonanti sighuna, kama k ya -kuria. Mbele ya ng ya -ngoreme, iliyo ghuna, k hubaki. (Baadhi ya maandishi, hata hivyo, yana Ikikuria.) Kamusi ifuatayo alfabeti tu huyatenga maneno hayo, na kurundika takribani nomino zote chini ya irabu. Msomaji angefaidika zaidi kama vidahizo vingekuwa mashina, -kuria na -ngoreme, kila kimoja na kiambishi chake kando.