Wakala Naajibu kwa Maandishi

Binti wa jirani yetu alitujia, simu mkononi. Wakala wa kazi za Uarabuni alikuwa akimjibu kwa sauti tu: mshahara mzuri, mapumziko yapo, usiwe na shaka dada. Tukamshauri amwandikie kwa adabu, amuulize mshahara ni kiasi gani, siku ya mapumziko ni ipi, na pasipoti itakaa kwa nani. Wakala akahamaki; wenzako, alisema, hawaulizi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nchi za nje uandikwe, utiwe saini, kisha uthibitishwe na afisa wa kazi. Binti hakumkosea mtu heshima. Tunapoandika haya jibu halijafika, na pasipoti ingali kabatini kwa mamake.