Mtoto wa Jicho Hutibika: Usingoje Hadi Giza Liingie

Mzee akianza kupapasa kikombe kilicho mbele yake, wengi husema ni uzee. Mara nyingi si uzee mtupu. Ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza kwa kusababisha upofu duniani, na upasuaji huweza kumrudishia mgonjwa uwezo wa kuona.

Mtoto wa jicho ni nini?

Nyuma ya mboni kuna lenzi inayopitisha mwanga. Umri unavyosonga, lenzi hiyo huingia ukungu. Kisukari, jeraha la jicho na uvutaji wa sigara huharakisha hali hiyo. Kwa kuwa hakuna maumivu, wengi huchelewa kutafuta matibabu. Hakuna dawa ya matone inayoondoa ukungu huo.

Upasuaji hufanywaje?

Jicho halitolewi nje, kama baadhi ya watu wanavyohofia. Jicho hutiwa ganzi, lenzi iliyoharibika huondolewa na lenzi ya bandia huwekwa mahali pake. Kwa kawaida kazi hii huchukua chini ya nusu saa, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Si lazima kungoja mtoto wa jicho "akomae". Ukichelewa sana, upasuaji huwa mgumu zaidi.

Kungoja kuna gharama nyingine. Mzee asiyeona huhitaji mtu wa kumshika mkono, na mara nyingi huyo ni mjukuu anayekosa masomo.

Huduma hupatikana wapi?

Hapa Kwale, Kituo cha Macho cha Kwale, ambacho hutegemea wafadhili, kimekuwa kikihudumia wakazi tangu miaka ya 1990. Kambi za macho za bure nazo huwafikia walio mbali. Lakini kambi huja na kuondoka, zahanati ipo. Usingoje tangazo. Anzia kwenye zahanati iliyo karibu nawe, au mwambie mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, ili upewe rufaa.

Unapokwenda, beba kitambulisho na dawa unazotumia, na uandamane na mtu mzima. Uliza mapema kuhusu gharama na malipo kupitia SHA. Baada ya upasuaji, rudi siku uliyopangiwa ili jicho likaguliwe.

Yasiyongoja

Presha ya macho huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, na uwezo wa kuona uliopotea haurudi. Ukifikisha miaka 40, pimwa macho, hasa ikiwa kuna jamaa yako mwenye ugonjwa huo. Wenye kisukari wapimwe kila mwaka.

Mtoto mwenye doa jeupe kwenye mboni apelekwe hospitalini mara moja, kwani huenda ikawa saratani. Hakikisha mtoto anapata vitamini A kila baada ya miezi 6, kuanzia miezi 6 hadi atimize miaka 5, na chanjo ya surua akiwa na miezi 9 na miezi 18. Upungufu wa vitamini A na surua huweza kupofusha.

Usitie jichoni maji ya majani, maziwa ya mama wala matone uliyonunua bila kuandikiwa na daktari. Baadhi ya matone hayo hupandisha presha ya jicho.

Ikiwa kuna mzee nyumbani, mfunike jicho moja kisha jingine, umwulize anaona vidole vingapi. Akishindwa, mpeleke zahanati wiki hii.