Mikorosho Myeupe ya Nanganga

Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu yako, kisha bonyeza kitufe chochote huku ukitazama kioo cha simu. Kwenye ncha ya rimoti utaona kitaa kinachomwekamweka, cheupe au cha zambarau. Sasa weka simu kando, utazame rimoti hiyohiyo kwa macho matupu: giza. Kama kamera ya nyuma haikuonyeshi kitu, jaribu ya mbele, ile ya selfi, maana kwenye simu nyingi kinga ya kuzuia mwanga huo upande wa mbele ni hafifu. Kitaa kinawaka kila unapobadilisha chaneli, miaka yote, nasi hatujawahi kukiona.

Mimi ni mpiga picha wa njia panda ya Nanganga, pale magari yatokayo Lindi na Mtwara yanapopita kwenda Ndanda na Masasi, na yaendayo Ruangwa yanapokata kona. Kinachonilisha ni pasipoti saizi, harusi, mahafali na watoto wanaotoka jandoni. Picha za mwanga usioonekana hazijanilipa hata soda. Ila ndizo zinazofanya watu wasimame mlangoni pangu na kubishana, na kwa kuwa maswali ni yaleyale kila siku, nimeona niyajibu hapa kwa maandishi.

La kwanza ni la jina. Mwanga tunaouona ni kipande kifupi cha mwanga wote unaotoka kwenye jua. Mawimbi yake hupimwa kwa nanomita, yaani milimita moja ikigawanywa mara milioni. Macho yanaona kuanzia zambarau, kama nanomita 400, mpaka nyekundu iliyokolea, kama 700. Mwaka 1800 mnajimu William Herschel, Mjerumani aliyehamia Uingereza, aliupasua mwanga wa jua kwa kioo cha pembetatu, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote, kilipanda kuliko vyote. Mwanga huo ulio nje ya nyekundu ndio infraredi.

Hapo ndipo ubishi unapoanza, kwa sababu tangu mwaka 2020 kila mtu amepimwa homa mlangoni kwa kile kibunduki cha corona na kuambiwa kinatumia infraredi. Ni kweli, lakini ukoo huu ni mkubwa. Joto la mwili wa binadamu hutoka katika mawimbi ya nanomita karibu 10,000, na kamera ya kawaida haiyaoni hata ukiibembeleza. Kamera zetu zinaona infraredi ya karibu tu, kutoka 700 hadi 1,100 hivi. Kwa hiyo picha zangu hazionyeshi nani ana homa, wala nani yuko nyuma ya ukuta. Zinaonyesha jua lilivyopiga kitu na likarudi.

Na kitu kinachorudisha mwanga huo kuliko vingine vyote huku kwetu ni jani. Umbijani, ile kemikali ya kijani, hula mwanga mwekundu na wa buluu ili mti upate chakula, ukabakiza kijani kidogo tunachokiona. Infraredi, umbijani hauna kazi nayo. Mwanga huo hupita mpaka kwenye nyama ya jani, penye seli zilizopangana kwa kuachiana vinafasi vya hewa. Humo unagongagonga huku na huku, na karibu nusu yake unatoka tena ulikoingilia. Ndiyo maana katika picha ya infraredi mkorosho wa kijani kibichi hutoka mweupe. Bibi mmoja anayeuza korosho za kubanguliwa pale stendi, baada ya kumwamkia na kumwonyesha picha ya shamba lake, aliniuliza, “Mjukuu wangu, mikorosho yangu umeipaka chokaa lini?” Hajaniamini mpaka leo.

Anga nalo linageuka. Buluu ya anga ni mwanga wa mawimbi mafupi uliotawanywa na hewa, na infraredi hutawanyika kidogo sana, kwa hiyo anga safi linakuwa jeusi na mawingu yanasimama juu yake kama yamechongwa. Maji ya mto Lukuledi yanaiva weusi. Udongo wetu mwekundu unabaki kijivu cha wastani, na milima ya mawe ya Masasi vivyo hivyo. Mawe hayapendezi sana kwa infraredi, tofauti na wengi wanavyodhani. Yanapendeza pale tu yanapozungukwa na majani.

Sasa tuje kwenye kamera. Silikoni, madini yanayotengenezewa kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, huona infraredi bila kufundishwa. Viwanda ndivyo vinavyoizuia, kwa kuweka kioo chembamba mbele yake, kwa sababu bila kioo hicho rangi za ngozi na nguo zingeharibika. Kamera za ulinzi madukani zina kioo hichohicho, lakini kinasogezwa: ukiwa karibu nayo jioni utasikia “tik” ndogo giza linapoingia. Hapo kioo kimejiondoa, vitaa vya infraredi vimewaka, na picha imekuwa nyeusi na nyeupe.

Kinga hiyo haikuwa na nguvu sawa kwenye kamera zote. Nikon D70, iliyotoka mwaka 2004 na yenye megapikseli 6 tu, inajulikana duniani kwa kupitisha infraredi nyingi. Yangu niliinunua Kariakoo, mtumba, kwa bei ambayo wenye kamera mpya waliicheka. Mbele ya lenzi nafunga filta nyeusi iitwayo Hoya R72, ambayo huzuia mwanga unaoonekana na kuruhusu kuanzia nanomita 720 hivi. Ukiishika mbele ya macho unaona giza la nyekundu iliyoiva. Kwa D70, jua la saa sita mchana, sekunde chache zinatosha. Kwa kamera nyingi za siku hizi, ambazo kinga yake ni kali, hesabu nusu dakika au zaidi, na stendi ya kamera isiyotikisika.

Kupiga kwenyewe kuna ushamba wake. Kwa kuwa filta ni nyeusi, kwenye kamera ya zamani napanga picha na kufokasi kwanza, kisha ndipo naifunga filta taratibu. Infraredi haikutani mahali pamoja na mwanga wa kawaida ndani ya lenzi. Lenzi za zamani zilikuwa na alama nyekundu pembeni ya kukuonyesha usogeze kiasi gani. Isiyo na alama naifunga tundu hadi f/11, tofauti ndogo inamezwa humo. Lenzi nyingine, hata za bei kali, huacha doa jeupe katikati ya picha, na kwa hilo dawa ya uhakika ni kubadilisha lenzi. Mizani ya rangi napima kwenye majani mabichi, si kwenye karatasi nyeupe. Naihifadhi picha kama faili ghafi, kwa sababu ikitoka ni nyekundu tupu na kazi ya kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe hufanyika kwenye kompyuta. Wanaopenda rangi hubadilishana nyekundu na buluu ili anga lirudi kuwa buluu huku majani yakibaki meupe. Mimi naona rangi hizo zinachosha haraka.

Asiye na pesa ya filta aende kwa mpiga picha yeyote mzee, aombe ile ncha nyeusi ya negativu ya rangi, sehemu iliyopigwa na jua wakati wa kupakia filamu kabla haijapelekwa kusafishwa. Tabaka mbili za ncha hiyo, zikibandikwa mbele ya lenzi, zinazuia mwanga wa kawaida na kuipitisha infraredi. Picha inatoka na ukungu kidogo, lakini inatoka. Negativu ya nyeusi na nyeupe haifai, kwa kuwa fedha iliyo ndani yake huzuia vyote.

Nisimame hapo kidogo, maana jambo hili lina hatari. Kwetu watu wengi hutazama kupatwa kwa jua kwa kutumia negativu, na siku ya 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kusini mwa Tanzania na watu wakakusanyika Rujewa, ushauri wa kutumia negativu ulizunguka tena. Kama negativu nyeusi ya rangi inaipitishia kamera yangu infraredi ya kutosha kupiga picha, basi inaipitisha pia mpaka nyuma ya jicho lako, na jicho halisikii maumivu linapoungua. Wala R72 usiielekeze juani ukichungulia. Miwani maalumu ya kupatwa kwa jua ndiyo inayofaa.

Watu ndio wanaonichekesha zaidi. Dereva mmoja wa bodaboda alikuja na jaketi jeusi na miwani ya jua nyeusi. Kwenye picha jaketi lilikuwa la kijivu cheupe, miwani imekuwa kioo kitupu, na uso wake umepauka. “Kaka, mbona umenifanya mzungu?” Rangi ya ngozi yetu inatokana na melanini, na melanini hupunguza nguvu ya kumeza mwanga kadiri unavyoelekea infraredi. Mmakonde na Mnorwe wakisimama pamoja mbele ya filta hii wanakaribiana sana. Rangi nyingi za nguo nyeusi nazo haziimezi infraredi. Mwaka 1998 Sony ilisitisha kupeleka madukani baadhi ya kamera zake za video, ilipogundulika kwamba teknolojia yake ya kuona gizani, ikitumiwa mchana na filta, inapenya nguo nyepesi. Wapo wanaokuja kuniulizia hilo. Nawajibu kwamba nina wake za watu na mabinti wa watu katika albamu zangu, na kazi hiyo siifanyi.

Uwanda huu ulipigwa picha mapema. Mwaka 1906 Karl Weule, kutoka makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na kukaa Newala akiwa na kamera ya vioo, ya filamu na mashine ya kurekodi sauti. Miaka minne baadaye, 1910, Mmarekani Robert Williams Wood alichapisha picha za kwanza za infraredi za mandhari, majani meupe na anga jeusi. Baadaye jeshi likaipenda elimu hiyo: wavu uliopakwa rangi ya kijani unadanganya jicho, lakini hauwaki kama jani hai. Kodak ikatengeneza filamu ya rangi kwa kazi hiyo, na ya mwisho katika ukoo huo, Aerochrome, ilionyesha kila jani hai kwa wekundu au waridi.

Filamu hiyo ndiyo mpiga picha Richard Mosse wa Ireland aliyoibeba kwenda Kivu, mashariki mwa Kongo, kuanzia mwaka 2010, wakati Kodak ilishaacha kuitengeneza. Wapiganaji wenye bunduki wakasimama katika milima ya waridi. Kazi yake, The Enclave, iliwakilisha Ireland kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2013, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Deutsche Börse mjini London. Nimeziangalia sana picha hizo. Ni kweli zilifanya watu wa mbali wageuze shingo kuitazama vita waliyoizoea. Lakini mimi mpiga picha wa kijijini najiuliza mama wa Kivu angesema nini akiona kilima alikomzika mwanawe kimepakwa rangi ya keki ya harusi. Kama nasi tutakwenda na infraredi kwa watu, tuwaonyeshe picha kabla hatujaondoka nayo.

Ipo faida ya shambani pia. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972 ikiwa na uwezo wa kupima infraredi ya karibu, na kituo cha RCMRD cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975, kinawasaidia wataalamu wa nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, kuzitumia takwimu za namna hiyo. Hesabu ya kupima uhai wa majani kwa takwimu hizo haitishi. Tuseme jani zima linarudisha asilimia 50 ya infraredi na asilimia 5 ya nyekundu. Toa, upate 45. Jumlisha, upate 55. Gawanya 45 kwa 55, unapata 0.82. Udongo mtupu unaorudisha 25 na 20 utakupa 0.11. Jani linalokufa huanza kurudisha nyekundu nyingi na infraredi kidogo, namba ikashuka.

Angalia hapo: zinahitajika namba mbili. Wakulima wameniuliza kama kamera yangu inaweza kuona ugonjwa wa ubwiriunga kwenye mikorosho kabla ya kupulizia salfa. Nawaambia hapana. Picha ya filta moja inaonyesha mti ulio na majani na usio nayo. Haijui jina la ugonjwa, na weupe wa jani hubadilika kwa pembe ya jua tu. Mwenye kudai kinyume anakuuzia kitu. Muone bwana shamba, au waulize watafiti wa korosho wa Naliendele, Mtwara, ambao ndiyo kazi yao.

Kwa anayetaka kujaribu, msimu wake ni baada ya mvua kushika, Desemba hadi Aprili, na saa yake ni mchana mkali ambao wapiga picha wengine huukimbia. Ukifika Newala, nenda hadi Shimo la Mungu utazame bonde la Ruvuma upande wa Msumbiji: utusitusi wa mbali unaofifisha picha ya kawaida hupungua sana kwa infraredi, ingawa ukungu wa maji na moshi mzito haviondoki. Anza na kamera kuukuu iliyolala kabatini na ncha ya negativu. Ukiamua kukiondoa kile kioo cha ndani moja kwa moja, mpelekee fundi anayeijua kazi hiyo. Kapasita ya flashi huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata betri ikiwa imetolewa.