Dawa za VVU na Mafuta Katika Damu ya Mtoto

Swali hili tunaulizwa mara kwa mara: je, ni kweli kwamba dawa za VVU zinajaza mafuta katika damu ya mtoto? Wengine wamelisikia mnadani, wengine kwa jirani, na wapo wanaofikiria kumpunguzia mtoto dozi asije akapata ugonjwa wa moyo. Jibu letu ni hili: baadhi ya dawa huongeza mafuta, nyingine haziongezi, wala hakuna hata moja ambayo mzazi aiache kwa sababu hiyo. Mtoto aliyezaliwa na VVU asipotibiwa, hatari iko karibu mno: karibu nusu ya watoto hao hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Madhara ya mafuta huja polepole, kwa miaka mingi, na yanaweza kuzuiwa.

Lehemu, au kolesteroli, si sumu. Ini huitengeneza, na mwili huitumia kujenga ukuta wa kila chembe hai. Husafiri katika damu ikiwa imefungwa pamoja na protini. Aina iitwayo LDL ikizidi hujibandika ndani ya mishipa. Ile ya HDL huisaidia kurudi kwenye ini. Kuna pia mafuta yaitwayo trigliseridi. Kwa mtoto, lehemu ya jumla iliyo chini ya miligramu 170 kwa desilita ni nzuri; ikifika 200 imezidi. Tukumbuke kuwa virusi vyenyewe, visipotibiwa, hushusha HDL na kupandisha trigliseridi.

Sasa dawa. Miaka ya mwanzo ya tiba, tangu 2004, wengi walipewa stavudine. Hiyo ilikausha mashavu, mikono na miguu, na kupandisha trigliseridi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiache. Ikaja lopinavir yenye ritonavir, ile dawa ya maji chungu ambayo watoto waliitema. Inapambana vema na virusi, lakini ritonavir huvuruga kazi ya ini ya kushughulikia mafuta, hivyo lehemu na trigliseridi hupanda. Efavirenz nayo huongeza, ila kidogo.

Leo watoto wengi hupewa dolutegravir. Wadogo, kuanzia wiki 4 na kilo 3, hupata kidonge cha miligramu 10 kinachoyeyushwa katika maji. Wenye kilo 20 na zaidi humeza kile cha miligramu 50. Utafiti wa ODYSSEY, uliofanyika Uganda, Zimbabwe, Afrika Kusini, Thailand na Ulaya kwa watoto 707, ulitoa matokeo mwaka 2021: waliopewa dolutegravir walidhibiti virusi vizuri zaidi, na lehemu yao ilikuwa chini kuliko ya wenzao.

Wapo bado watoto wanaotumia lopinavir, hasa wale ambao dawa nyingine hazikuwafaa. Wazazi wa hawa ndio tunaowaomba waulize kliniki juu ya kipimo cha mafuta. Lehemu nyingi haiumi wala haionekani kwa macho. Mtoto mwembamba anaweza kuwa nayo. Zahanati nyingi hazina kipimo hiki, kwa hiyo huenda mkatumwa hospitali. Majibu yakiwa juu, daktari hurudia kipimo, huangalia chakula, na huweza kubadili dawa. Kubadili ni kazi yake, si ya mzazi wala ya duka la dawa.

Hapa Dodoma wasomaji wanakijua Kijiji cha Matumaini, kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya watoto yatima wanaoishi na VVU. Watoto wanaotumia dawa vizuri hukua na kuwa watu wazima, nao watazimeza kwa miaka 50 au zaidi. Ndiyo maana mishipa yao inatuhusu tangu sasa.

Kuhusu chakula, kwetu hali si mbaya. Ugali wa uwele au mtama, mlenda, kunde na karanga ni vyakula vyema, na alizeti tunalima wenyewe: mafuta yake hayana lehemu. Yapunguzwe mafuta ya kuganda, chipsi, maandazi ya kila asubuhi na soda. (Soda huwashangaza wengi, lakini sukari ikizidi, ini huigeuza kuwa trigliseridi.) Ila mtoto wa chini ya miaka 2 asinyimwe mafuta, anayahitaji ili ubongo na mwili vikue. Uji wake utiwe karanga zilizosagwa laini kama kawaida. Wakubwa waachwe wakimbie na kucheza mpira.

Siku ya kipimo, ulizeni mapema kama mtoto aje bila kula, maana trigliseridi hupanda baada ya mlo. Akiwa amekwisha kunywa chai njiani, mwambieni muuguzi, msifiche. Na dawa zake za asubuhi apewe saa ile ile ya kila siku, isipokuwa kliniki imewaagiza vingine.