Wagenia: mutego gani wa kwanza kwa kijana anayeanza kuvua?

Kwenye maporomoko ya Wagenia, muji wa Kisangani, muzazi muvuvi anafikia siku moja ya kujiuliza: kijana wangu amekomaa, nimupatie mutego gani wa kwanza? Huko Marekani wazazi wanaulizana vile juu ya bunduki ya kuwinda paa. Hapa jimboni Tshopo ulizo ni la kikapu, na kuchagua vibaya kunaweza kuua mutoto.

Wagenia ni ya mwisho kati ya maporomoko saba ya Boyoma, yaliyoitwa zamani Stanley Falls. Kutoka Ubundu hadi Kisangani ni zaidi ya kilometa 100, na mashua hazipiti. Ndiyo sababu reli ya kilometa 125 ilijengwa kandokando. Ndani ya maji hayo makali, wavuvi wanasimamisha miti mikubwa katika mashimo ya mawe, wanaifunga kwa kamba za pori, kisha wananing'iniza vikapu vyenye mudomo mupana na mukia mwembamba. Mudomo unaangalia kule maji yanatoka. Nguvu ya maji inasukuma samaki ndani na kumuzuia asirudi.

Nguvu hiyohiyo ndiyo hatari. Kikapu kikubwa kinapokamata maji kinavuta kuliko mikono ya kijana wa miaka 14. Akikataa kukiachilia, anakifuata.

Basi ukubwa wa kikapu upimwe kwa mutoto, si kwa tamaa ya samaki. Mupeleke kando, mahali maji yanapita lakini hayafiki juu ya magoti, aingize kikapu na kukitoa yeye mwenyewe mara kadhaa. Kama anayumba ao anajilaza nyuma kwa uzito wote wa mwili, kikapu ni kikubwa. Punguza.

Jambo la pili ni mahali. Kikapu cha kwanza kikae karibu na inchi kavu, pale mutu mukubwa anaweza kumufikia haraka. Kupanda juu ya miti ya katikati kungoje, zaidi sana kuelekea mwisho wa mwaka, wakati muto Kongo unajaa. Na kila asubuhi kamba ziangaliwe kwanza. Ile iliyooza haionyeshi alama kwa mbali.

Tatu, asuke kikapu chake pamoja na baba ao mujomba. Anayejua kusuka anajua pia pale kinaanza kukatika.

Wengine wanaona chandarua cha mbu kuwa rahisi: ni chepesi, tena hakiombi ufundi. Lakini kinazoa hata vitoto vya samaki, na kesho kijana huyo atavua nini?

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mwenye chini ya miaka 18 ni mutoto. Kikapu kingoje kengele ya masomo ilie, kwa sababu samaki aliyeingia ndani hatoki.