Swichi ya Kioo Isije Ikakuchomea Gari

Je, gari lako la familia ni la mtumba kutoka Japani? Basi leo tupia jicho mlango wa dereva, pale penye swichi za kupandisha na kushusha vioo. Kitu kidogo kile kimewahi kuitoa jasho kampuni kubwa ya magari.

Mnamo Oktoba 2012, Toyota ilitangaza kuyarejesha gereji magari zaidi ya milioni 7 kote duniani kwa sababu ya swichi hiyo. Oktoba 2015 ikaita mengine milioni 6.5, yaliyoundwa kati ya 2005 na 2010. Miongoni mwake yalikuwamo Corolla, RAV4 na Yaris, ambayo huku kwetu twaijua kama Vitz.

Kasoro ilikuwa nini? Grisi ndani ya swichi haikupakwa sawasawa. Vipande vinaposuguana, uchafu hujikusanya, umeme hupita pasipopaswa, na swichi hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Moshi hutangulia, na moto waweza kufuata.

Sasa mkaazi wa Garissa, Wajir au Mandera fikiria matumizi yako. Ukipishana na lori kwenye njia ya vumbi, wapandisha kioo. Lori likishapita, joto la nyuzi 35 na zaidi lakulazimisha kukishusha. Swichi hiyo haipumziki.

Kwa nini basi hukupata habari? Kampuni inapoita magari, humwandikia mwenye gari anayejulikana katika daftari za nchi yake. Gari likishauzwa na kupakiwa melini hadi Mombasa, barua haimfuati mnunuzi mpya. Sheria yetu huruhusu magari ya mtumba yasiyozidi miaka minane, kwa hivyo mengi ya miaka hiyo yaliingia nchini na yangali barabarani. Huenda lako lilitengenezwa kabla ya kusafirishwa, huenda halikuguswa.

Usikae ukingoja kuitwa. Chukua nambari ya chesi katika stakabadhi ya umiliki wa gari. Ya Vitz ya miaka hiyo huanza kwa herufi na tarakimu kama SCP90. Mpelekee wakala wa kampuni akuangalizie, au mwombe kijana wako aitafute katika tovuti ya Toyota ya Japani. Tovuti za Marekani hazitakufaa, kwani huko nambari huwa na herufi na tarakimu 17, na ya Japani ni fupi.

Jihadhari pia na fundi wa kando ya barabara atakayekunyunyizia mafuta ya kulainisha swichi inayokwama. Mwaka 2012 kampuni yenyewe ilionya kwamba mafuta ya kawaida ya madukani yaweza kuzidisha hatari ya swichi kuyeyuka. Grisi inayofaa ni ile maalumu inayostahimili joto.

Na ukinusa plastiki ikiungua, au swichi ikawa ya moto kidoleni, usiendelee na safari eti utafika. Egesha kando, zima injini, washushe watoto kwanza, kisha mwite fundi wa umeme.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kutafuta nambari ya chesi ni kazi ya dakika chache tu. Gari likishaungua nyikani, maji ya kulizimia utayatoa wapi?