Mtu Mzima Anapojifunza Kuanguka

Jigoro Kano, aliyezaliwa Japani mwaka 1860, alikuwa na umbo dogo, na shuleni wenzake wenye miili mikubwa walimwonea. Alitamani kujifunza jujutsu, mbinu za jadi za Kijapani za kupambana, lakini baba yake hakuafiki. Hadi 1877, akiwa na umri wa miaka kama 17 na tayari ameingia chuo kikuu, ndipo alipompata mwalimu wa kumfundisha, Fukuda Hachinosuke. Miaka mitano baadaye alifungua ukumbi wake mwenyewe, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo, kwenye eneo la mikeka 12. Judo ilianzia hapo, na mwaka 1964 ikaingia katika Michezo ya Olimpiki.

Nimeanza na Kano kwa ajili ya vijana wa miaka ishirini na kitu wanaouliza kama wamechelewa kuanza mchezo wa kujihami. Mwanzilishi wa judo hakukulia ukumbini. Alianza akiwa amekomaa kiasi cha kudadisi kila alichoonyeshwa, na udadisi huo ndio uliomfanya achague mbinu zilizo salama kufanyiwa mazoezi kwa nguvu na kuziacha zile za kuvunja viungo.

Anayeanza leo hukutana na jambo asilolitarajia. Alikuja kujifunza kutupa watu, lakini kwa wiki kadhaa anafundishwa kuanguka. Ufundi huo wa kuanguka Wajapani huuita ukemi. Unaanza ukiwa umelala chali, kidevu kifuani, kisha umechuchumaa, kisha umesimama: kwenda nyuma, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na mwisho kujibiringisha mbele kwa bega. Wengi huona wanapotezewa muda, na baadhi hukata tamaa na kuondoka. Ni hasara kubwa, maana hakuna kitu kingine watakachofundishwa pale chenye faida nyingi zaidi katika maisha ya kawaida.

Nyonga ya mtu mzima aliyesimama iko karibu mita 1 kutoka sakafuni. Kitu kikiachiwa kutoka kimo hicho hufika chini kwa kasi ya kilomita 16 hivi kwa saa, na safari yote huchukua chini ya nusu sekunde. Kasi hiyo haina budi kuisha. Ikiisha ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde, mwili hupata mshtuko wa wastani wa takriban mara 45 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Ikitandazwa hadi sehemu tano za mia, mshtuko hushuka hadi mara 9. Ukemi hutafuta hizo sehemu nne za mia zilizobaki. Mgongo unapinda ili ugusane na mkeka kidogo kidogo, na uzito unagawanywa juu ya eneo pana badala ya kutua kwenye kiwiko au kifundo kimoja.

Wengi huamini kwamba kinachookoa ni lile pigo la mkono kwenye mkeka, ambalo mlio wake husikika hadi barabarani. Watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walilipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Wazoefu wa michezo ya kujihami walianguka ubavu kutoka katika hali ya kupiga magoti. Walipoanguka kwa mbinu yao, nguvu iliyoipiga nyonga ilipungua kwa zaidi ya robo, ikilinganishwa na kuanguka kwa kujizuia kwa mkono ulionyooshwa. Wapige mkeka wasipige, tofauti ilikuwa ndogo. Kilichofanya kazi ni kule kuviringika. Watafiti hao waliwafundisha pia watu wasiowahi kufanya mazoezi hayo, kwa nusu saa tu, na kwao pia nguvu ya pigo ilishuka. Kwa maoni yangu mkono bado una kazi yake: ukishaupa jukumu la kupiga mkeka, hauendi tena kujichomeka chini ya mwili.

Kujichomeka huko ndiko tatizo kubwa la mtu mzima. Mtoto mchanga, kabla hata hajatembea, huanza kutanguliza mikono anapohisi anaanguka kifudifudi. Silika hiyo humlinda uso akiwa na kilo nane. Akiwa na kilo 70, mkono ulionyooka hubeba mzigo usioumudu, na kifundo cha mkono huvunjika. Kwa hiyo anayeanza akiwa na miaka 25 hafundishwi jambo jipya peke yake. Anashindana na desturi ambayo mwili wake umeishi nayo tangu kabla hajajua kuzungumza.

Na hawezi kushinda kwa kufikiri. Kuona kitu na kuanza kukijibu huchukua kama sehemu ya tano ya sekunde, na kuanguka kwenyewe hakufiki nusu sekunde. Hakuna nafasi ya kukumbuka maelekezo. Jibu lazima liwe limeshahifadhiwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na serebelamu, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya kichwa, juu ya shingo. Uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, lakini ina takriban seli za neva bilioni 69 kati ya bilioni 86 za ubongo mzima. Serebelamu hulinganisha kile mwili ulichotarajia na kile kilichotokea, na kila tofauti huitumia kurekebisha jaribio linalofuata. Inahitaji makosa, tena mengi. Ndiyo maana kuanza chini kabisa, umelala au umechuchumaa, ni jambo la busara: unaweza kukosea mara mia kwa jioni moja bila kuumia.

Maneno ya mwalimu nayo yana uzito. Tafiti za Gabriele Wulf, mtaalamu wa ujifunzaji wa mwendo, tangu miaka ya 1990, zimeonyesha mara nyingi kwamba mtu hujifunza mwendo vizuri zaidi akielekeza fikra kwenye kitu kilicho nje ya mwili wake kuliko kwenye kiungo chenyewe. Walimu wa judo walilijua hilo kwa uzoefu. Hawasemi kaza misuli ya shingo. Wanasema: tazama fundo la mkanda wako. Ukilitazama, kidevu kinashuka chenyewe.

Kesho yake shingo na tumbo vitauma, na kesho kutwa pengine zaidi. Asidi ya laktiki husingiziwa bure, kwani huondoka mwilini muda mfupi baada ya mazoezi. Maumivu hayo hutokana na michubuko midogo mno ndani ya nyuzi za misuli iliyofanya kazi isiyoizoea, hasa pale inapokaza huku ikivutwa. Ukirudia mazoezi yaleyale wiki inayofuata, maumivu huwa madogo zaidi. Usiikwepe hatua hii ya kuizoesha shingo, kwa sababu inahusu uhai.

Ryo Uchida, msomi wa Chuo Kikuu cha Nagoya, alikusanya kumbukumbu za ajali za shule za Japani na kukuta kwamba tangu 1983 wanafunzi zaidi ya 100 walikufa kutokana na judo. Wengi wao walikuwa wa mwaka wa kwanza, yaani wanaoanza. Katika vifo vingi chanzo kilikuwa kichwa. Mtu akitupwa nyuma, mathalani kwa osotogari, ule mtupo unaofyeka mguu kutoka nyuma, na shingo yake ikalegea, kichwa huzunguka kwa ghafla. Fuvu linasimama, ubongo unaendelea kusogea, na vena nyembamba zinazounganisha viwili hivyo zinaweza kukatika na kuvujisha damu. Hilo laweza kutokea hata kama kichwa hakikugonga sakafu.

Mwaka 2010 familia za waathirika ziliunda chama chao, na tangu hapo miongozo ya usalama ikakazwa. Vifo vilipungua sana. Watoto wale hawakuuawa na jambo lisiloepukika. Wengi walitupwa kabla hawajajua kuanguka, au walirudishwa mkekani wakiwa tayari wanaumwa kichwa.

Basi unapoingia ukumbini kwa mara ya kwanza, iwe Nairobi, Zanzibar au kwingineko, muulize mwalimu kwa heshima: anayeanza hutupwa baada ya muda gani, na mtu akitikisika kichwa mnafanyaje? Mwalimu mzuri atalifurahia swali. Atakwambia kwamba mwenye kuumwa kichwa, kutapika au kuchanganyikiwa baada ya kuanguka hupelekwa hospitali jioni hiyohiyo, na harudi kutupwa mpaka daktari aruhusu. Ukiambiwa kwamba wageni hutupwa tangu siku ya kwanza ili wazoee, tafuta ukumbi mwingine.